Uzoefu wangu: kutembea İstiklal, kuanzia Taksim hadi Tünel

Kwa miaka minne nimekuwa nikienda Istanbul kuchukua nguo za duka langu la Kariakoo, na mji wenyewe nilikuwa naujua kwa Laleli na Merter tu: maduka ya jumla, kupatana bei, kufunga marobota, kargo, uwanja wa ndege. Mwezi wa kumi na moja mzigo ulikamilika mapema. Mdogo wangu anayesoma huko akaniambia, "Dada, leo hununui kitu. Leo unatembea."

Akanipeleka İstiklal, mtaa unaotoka uwanja wa wazi wa Taksim mpaka sehemu iitwayo Tünel. Mtaa huo umefungwa kwa magari tangu 1990, una urefu wa karibu kilomita moja na nusu, na jina lake maana yake ni uhuru. Waturuki waliupa baada ya kuunda jamhuri yao mwaka 1923. Mara moja nikaukumbuka Mtaa wetu wa Uhuru, ambapo kila hatua unatazama bodaboda huku na mkokoteni kule. Hapa nilitembea katikati kabisa ya njia, mikono mfukoni kwa baridi, bila kupigiwa honi hata moja. Kinachopita ni tramu nyekundu ya kizamani, nayo hugonga kengele na kwenda taratibu. Sikujua kama mwili wangu huwa unakaza kiasi kile njiani mpaka siku hiyo ulipolegea.

Tulianza saa nne asubuhi, na ndio muda ninaoupendekeza. Watu bado wachache, paka wamelala milangoni mwa maduka, na unaweza kusimama ukainua macho. Ukitazama chini ni maduka ya nguo na viatu kama ya mji wowote. Uzuri uko ghorofani: vibaraza vya chuma, sanamu za mawe, majengo ya enzi za masultani. Çiçek Pasajı, njia iliyoezekwa yenye migahawa ndani, ni ya 1876. Kanisa la Mtakatifu Antoni wa Padua lililokamilika 1912 liko nyuma ya ua wake, na mtaa huohuo una msikiti wa Hüseyin Ağa wa karne ya 16. Tulisali adhuhuri pale. Nje watu ni mto, ndani kimya, na hatua kati ya viwili hivyo hazifiki ishirini.

Muuza mahindi alinisalimia "Merhaba." Kwetu marahaba ni jibu la mkubwa, kwao ndiyo salamu yenyewe. Duka kwao ni dükkân, hesabu ni hesap, dakika ni dakika. Toroli lake lilikuwa na mahindi ya kuchoma upande mmoja na kestane upande mwingine, mbegu kubwa ya kahawia inayopasuliwa ganda, ambayo ndani ina ladha ya kiazi kitamu. Kula ikiwa moto.

Chakula cha mchana kiliniudhi. Tuliingia kichochoro cha pembeni, mgahawa mmoja ukatupa menyu isiyo na bei, na bili ilipokuja ilikuwa na mkate na maji ambayo hatukuyaagiza. Ulizeni bei kabla ya kukaa. Na mtu usiyemjua akikukaribisha kinywaji mahali anapopajua yeye, mshukuru uendelee na safari yako.

Usiku tulirudi. Taa nzuri, wapiga muziki kila baada ya hatua chache, lakini umati ni wa kusukumana na mkoba lazima uukumbatie. Nusu saa ilinitosha.

Anzeni Taksim, si Tünel, kwa sababu baada ya Tünel mteremko ni mkali: unapita maduka ya ala za muziki, unafika Mnara wa Galata wa 1348, kisha Karaköy baharini. Kupanda tena msijitese. Kuna treni fupi ya chini ya ardhi iliyofunguliwa 1875, ambayo kwa umri inatanguliwa na ile ya London tu, na kadi ileile ya metro inafanya kazi.

Safari ijayo nakuja na mama. Magoti yake hayawezi mtaa wote, na pa kukaa njiani ni shida. Atapanda tramu mpaka katikati, ashuke penye lango kubwa la shule ya Galatasaray, na kutoka hapo tutatembea kwa mwendo wake.