Ruta ya bendi mbili kwa nyumba yenye duka: uzoefu wangu Ngamiani, Tanga

Nyumba yetu mbele ni steshenari, nyuma tunaishi wenyewe, uani kuna wapangaji. Intaneti ni moja tu, ya laini ya 4G, na kila kijana anayekuja kujaza fomu za Bodi ya Mikopo huanza na "Shikamoo mama, naomba waifai." Kwetu Tanga kumnyima mtu waifai ni kama kumnyima maji ya kunywa. Lakini kompyuta ya dukani imejaa vyeti na vitambulisho vya watu, na wote tulikuwa kwenye mtandao huohuo.

Nikanunua ruta ya bendi mbili (inarusha waifai kwa masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz), laki moja na kitu. Jina la kampuni siliweki, maana nina la kulalamika. Nimeiunganisha kwa waya na kile kiboksi cha laini, kisha nikazima waifai ya kiboksi.

Kilichonikosha ni mtandao wa wageni. Una jina lake na neno lake la siri, nimelibandika ukutani juu ya printa. Kwenye mipangilio kuna kisanduku cha kuwaruhusu wageni waone vifaa vya ndani. Kiache bila tiki. Nilijaribu kwa simu ya mpangaji: intaneti anapata, printa haioni, kompyuta haioni. Nimewawekea na kikomo cha kasi, maana mtu mmoja akianza kushusha muvi, bando linakwenda na duka linasimama.

Mengine ni ya kawaida: neno la siri la ukurasa wa ruta nilibadilisha kabla ya yote, usalama wa waifai nikaweka WPA2 kwa sababu printa yangu ya zamani haiijui WPA3, ambayo ni mpya zaidi. WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa namba fupi badala ya neno la siri, nimezima. Tangu 2011 inajulikana kwamba ile namba yake ya tarakimu 8 hukaguliwa vipande viwili, kwa hiyo mwizi anabahatisha mara 11,000 hivi tu, si mamilioni. Bendi ya 5 GHz ina kasi nzuri dukani, ila ukivuka kuta mbili kwenda uani haifiki. Huko wanatumia 2.4.

Sasa lalamiko. Boksi limeandikwa kwa maandishi makubwa kwamba ukichomeka "hadi diski" (diski ya nje ya kuhifadhia mafaili) kwenye tundu la USB, nyumba nzima inasoma mafaili. Nikachomeka. Windows 10 ikakataa katakata: kifaa kinatumia SMB1. Hiyo ni njia ya kizamani ya kushirikishana mafaili, ndiyo iliyokuwa na mwanya uliopitiwa na WannaCry, kirusi kinachofunga mafaili na kudai hela, Mei 2017, na mwaka huohuo Microsoft wakaacha kuiweka kwenye Windows mpya. Ukitafuta maelekezo utaambiwa uiwashe tu. Siiwashi, na vyeti vya watu humo ndani!

Mafaili sasa yanakaa kwenye kompyuta kuukuu ya mezani. Nimeshirikisha folda moja, kila mtu na akaunti yake. Wanangu wanaweza kusoma lakini hawawezi kufuta. Hadi diski naichomeka jioni kunakili, kisha naichomoa na kuifungia kabatini, maana kirusi kikifika kwenye folda ya mtandao kinafunga na nakala iliyochomekwa.

Kwa mtandao wa wageni naipa nyota nne. Kwa tundu la USB, moja, na hiyo ni kwa kuwa linachaji simu. Ukienda kununua, mwambie muuzaji awashe, afungue ukurasa wa mipangilio, akuonyeshe kama ina SMB2 au SMB3, matoleo mapya ya njia hiyo, kabla hujatoa hela.