Hadubini ya karatasi ya elfu 38: nimeijaribu kwenye mwani wa mama, Jambiani, Zanzibar

Hii rivyu niliahidi tangu mfungo sita, samahanini, nilitaka kwanza bamvua tatu nne zipite niitumie pwani kweli kweli, maana rivyu za wengi ni mtu anafungua boksi anaangalia unywele wake na bawa la nzi, basi, nyota tano. Mimi niliinunua kwa kazi moja tu, kuangalia ule utelezi unaokaa juu ya mwani, ule ukishika tawi unahisi kama umeshika sabuni iliyolowa.

Kwa msioijua, ni kadi unayoikunja mwenyewe ikawa maikroskopu, katikati ina kilenzi cha duara kama punje ya uwele, huku unaweka kioo chenye sampuli, huku unaweka jicho au simu. Wazo lenyewe ni la Manu Prakash na wenzake wa chuo cha Stanford kule Marekani, walilitoa 2014, na ile yao inakuza mara 140. Yangu ya kuigiza. Kwenye boksi wameandika mara 400, na chini yake kwa herufi nyekundu "ona bakteria kwa macho yako". Nitarudi hapo.

Bei ilikuwa 38,000 pamoja na kuletewa mpaka mjini, duka silitaji, walichelewa wiki mbili ila mzigo ulifika mzima. Kuikunja kumenichukua karibu saa zima coz maelekezo ni michoro mitupu, halafu kuna kikaratasi kimoja kilibaki na mpaka leo sijui kilikuwa cha wapi, inafanya kazi bila yake.

Sasa pwani. Bi mkubwa analima mwani toka enzi zile mbegu bado ngeni, zilikuja kutoka Ufilipino na kilimo kikaanzia huku huku Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa hiyo ukimwambia umenunua karatasi ya kuangalia mwani anakuangalia wewe kwanza. Akaniuliza, "Hiyo itanambia kwa nini kotonii inakufa?" Nikasema inshaallah. Mwani tunaolima ni aina mbili, kotonii ndiyo yenye bei, spinosum ndiyo inayovumilia, na kila mwenye kamba na vigingi ukanda huu anajua kotonii imetutenda nini, leo iko vizuri, maji yakipata moto siku kadhaa unakuta matawi yamepauka meupe kama yamechemshwa, ukigusa yanakatika. Wenyewe wanaita aisi-aisi.

Nikaanza na rahisi, jani la nyasi za bahari, yale mapana yanayoachwa na maji kupwa. Jani changa la ndani halina kitu sana, la nje lililozeeka ndo sinema. Nilikwangua kwa wembe polepole nikaweka tone kwenye kioo (tumieni maji ya bahari, nilitumia ya bomba mara ya kwanza nikaharibu kila kitu, vinapasuka) na wallahi nilikaa pale mpaka maji yakaanza kurudi. Daiatomu tele. Hawa ni viumbe vya seli moja vyenye ganda la kioo, rangi ya dhahabu, wengine kama mtumbwi wanakwenda mbele wanarudi nyuma wenyewe bila mguu wala mkia, wengine bapa wamelala kwenye jani kama ufuta juu ya mkate. Kwa hili tu hela yangu imerudi. Yale madoa meupe magumu kwenye jani nayo nilikuwa najua ni chumvi, nikakamulia ndimu kidogo nikaangalia kwenye lenzi, povu! Ni chokaa, inajengwa na mwani mwekundu mdogo mno unaotambaa kwenye jani kama ukoko. Watoto wa jirani wakanimaliza ndimu zote.

Spinosum ikawa kazi. Tawi ni nene, mwanga haupiti, ukiliweka lenyewe unaona giza tu, hili boksi haliwaambii. Dawa yake, bandika selotepu ya kung'aa juu ya tawi, bandua, ibandike kwenye kioo. Utelezi unakuja wote. Mle kuna daiatomu, mchanga, nyuzi za mwani mdogo uliojipachika, na vitu vinavyokimbia sikuweza hata kuvifokasi.

Haya, kotonii inayoumwa. Nilichukua tawi lililopauka na tawi zima, nikafanya yale yale, nikaunga simu, mama kasimama nyuma ya bega langu. Hatukuona kitu. Yaani tuliona ukungu, nyama ya mwani imelegea, na vinukta vinavyotikisika ambavyo ungeweza kuapa ni bakteria na ungeweza kuapa ni vumbi. Bakteria wengi wana upana wa kama mikroni moja, yaani elfu moja wakipangwa sambamba ndo wanafika milimita, na hata ile hadubini ya akina Prakash mwisho wake mzuri ni mikroni 2 hivi, sembuse hii ya kwangu. Ile "mara 400" ni kuzumu tu, picha inakuwa kubwa na mbovu vile vile. Kwa hilo nimewakata nyota nzima, sio kwamba bakteria hawapo, kwenye sentimita moja ya mraba ya mwani wanaweza kufika milioni 10, ila kifaa hiki hakiwaoni.

Na kilichoniuma ni kwamba jibu la swali la mama liko kwa hao hao. Watafiti huko Ufilipino, 1995, walipima matawi yenye aisi-aisi wakakuta bakteria mara 10 mpaka 100 zaidi ya matawi mazima, wakawatenga wa kundi la vibrio na wengine wa kundi la sitofaga. Lakini wadudu hao kwenye mwani wenye nguvu hawafanyi kitu kikubwa, mpaka mwani uchoke kwanza, kwa joto, kwa mvua kupunguza chumvi ya maji, ndo wanashambulia. Nikamweleza mama hivyo, akaniambia, "Kwa hiyo nitie sabuni niwaoshe?" Hapana mama! Wengine ndo walezi. Ile mwani ya kijani laini inayoota kwenye mawe, ilipooteshwa maabara bila bakteria wake iliota bonge tu la seli zisizoshikana, haina jani, mpaka irudishiwe wale bakteria ndo ikajua kuwa jani. Akanyamaza kidogo, akasema kumbe na mwani una wakunga.

Sasa kuhusu ile herufi nyekundu niwe mkweli, kuna bakteria mmoja nilimwona. Kuna msimu linakuja lile jambo kama nywele nyeusi, linajisokota kwenye kamba na kwenye taitai (vile vikamba vya kufungia mwani), akina mama wanatoka na vipele mapajani wanawashwa usiku kucha. Nilileta shungi lake nyumbani nikiwa na glavu, nikaweka. Safi kabisa, bila hata simu: mrija mwembamba na ndani seli bapa zimepangwa kama sarafu kwenye karatasi ya benki. Nikalinganisha na picha, inafanana sana na lingbya, na hiyo sio mwani kabisa, ni bakteria wa kijani-buluu, ila mnene, nyuzi zake zinaweza kufika mikroni 60. Sumu zake ndo zinababua ngozi, Hawaii waogeleaji walibabuliwa nayo toka 1958. Kwa hiyo tangazo halikudanganya moja kwa moja, limebahatisha.

Mabaya mengine: sumaku za kushikia simu zimeshika kutu wiki ya tatu, chumvi haina huruma, funga kwenye mfuko wa plastiki na ufute kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi kila ukirudi. Kadi yenyewe hailowi. Taa haipo, unategemea jua, na jua la saa saba usiliangalie kwa jicho moja kwa moja kupitia lenzi, elekeza kwenye ukuta mweupe. Na simu zenye kamera tatu nne zinasumbua, ilibidi niombe simu ya zamani ya mdogo wangu.

Inunue kama una watoto, kama unafundisha, kama unakaa karibu na maji na unataka kuona daiatomu. Kama unataka kujua ugonjwa wa mwani wako usipoteze elfu 38, peleka tawi kwa watu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Unguja.

Nyota tatu. Mama kaniambia niongeze nusu, yeye sasa kila kukicha anabandika selotepu yake kwenye kamba ya mwanzo na ya mwisho, na selotepu imepanda bei dukani kwa shemeji.