Uzoefu wangu: vidonge vya asaiklova kwa mkanda wa jeshi ukiwa bado kijana (Mbeya)

Nimetumia asaiklova ya vidonge kutibu mkanda wa jeshi nikiwa kwenye miaka ya ishirini, hapa hapa Mbeya, na naipa nyota 4 kati ya 5. Dawa inafanya kazi. Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya wingi wa vidonge na ratiba yake. Hapo ndipo wagonjwa wengi wanapokatisha dozi, halafu wanasema dawa haijawasaidia.

Dozi ya mtu mzima mwenye figo nzima ni miligramu 800, mara 5 kwa siku, kwa siku 7. Piga hesabu kabla hujaondoka famasi. Ukipewa vidonge vya miligramu 200, unameza 4 kwa mara moja, yaani 20 kwa siku na 140 kwa dozi nzima. Karatasi moja ya vidonge 10 inaisha nusu siku! Ukipata vya miligramu 400, unameza 2 kila mara na unahitaji 70. Ulizia hivi vya 400 kwanza, maana kumeza vidonge 20 kwa siku kunachosha. Kosa linalotokea sana kaunta ni kuandikiwa kidonge kimoja cha 200 mara 5 kwa siku. Hiyo ni dozi ya malengelenge ya sehemu za siri, na kwa mkanda wa jeshi haitoshi kabisa. Kwenye boksi utakuta Aciclovir au Acyclovir. Ni dawa ileile.

Saa zilizo rahisi kushika ni hizi: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Usiku unalala. Weka kengele kwenye simu. Ukisahau, meza ukikumbuka, ila usijumlishe dozi mbili. Unaweza kumeza na chakula au bila chakula. Ikikuletea kichefuchefu, kula kwanza.

Halafu maji. Asaiklova inatoka mwilini kupitia figo, na mwili ukikauka inaweza kuganda kama chembechembe kwenye mirija ya figo na kuiziba. Huku kwetu mwezi wa 6 na wa 7 mtu anaweza kushinda na kikombe kimoja cha chai kwa sababu ya baridi, na hapo hatari inaongezeka. Jaza maji ya moto kwenye chupa ya chai, uwe unakunywa kidogo kidogo hadi yafike kama lita 2 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa figo aseme mapema, daktari atampunguzia dozi. Mjamzito naye aseme. Diklofenaki na brufen usijinunulie tu wakati huu, nazo zinaisumbua figo.

Dawa hii inataka kuwahiwa: ianze ndani ya saa 72 tangu vipele vya kwanza vitokee. Ukichelewa kidogo na malengelenge mapya bado yanatoka, nenda hivyo hivyo, bado inafaa kujaribu. Shida ni kwamba maumivu hutangulia vipele kwa siku kadhaa. Mtu anahisi kuungua au kuchomachoma ubavuni na kudhani ni misuli, hasa aliyekuwa akipakia magunia ya viazi kule Uyole. Vipele vikitoka, wanamwambia amekojolewa na buibui. Angalia hivi: mkanda wa jeshi unakaa upande mmoja wa mwili, unaanzia mgongoni na kuzunguka kuelekea mbele, na unakomea katikati. Sababu ni kwamba kirusi cha tetekuwanga uliyougua zamani hakikuondoka. Kilijificha kwenye kiini cha neva karibu na uti wa mgongo, na kikiamka kinafuata neva hiyohiyo moja. Kila neva inahudumia upande wake. Kwa hiyo yale maneno kwamba mkanda ukikutana unakufa, usiyabebe moyoni. Na hakuna mtu aliyekutupia kitu.

Asaiklova ya kupaka usiinunue kwa ugonjwa huu. Ukienda duka la dawa bila cheti unaweza kupewa tyubu tu, kwa kuwa ni rahisi kuuza, lakini kirusi kiko ndani ya neva na krimu ya juu ya ngozi haikifikii. Pesa hiyo ongezea kwenye vidonge. Ngozi yenyewe inataka maji safi na sabuni, kukaushwa kwa kugusagusa bila kusugua, na losheni ya kalamaini mahali ambapo ngozi haijachubuka. Usipasue malengelenge, usipake majivu wala dawa ya meno. Usaha ukitoka au wekundu ukitanuka, bakteria wameingia na inabidi urudi hospitali. Sweta la sufu likigusa ngozi ile linauma kama moto, hata baada ya vipele kukauka. Vaa fulana laini ya pamba ndani, na usiku tanguliza shuka kabla ya blanketi.

Kwa maumivu, paracetamol gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Maumivu ya neva mara nyingi hayatulii kwa hiyo peke yake. Hapo daktari huandika amitriptilini, kwa kawaida miligramu 10 hadi 25 usiku. Inaleta usingizi mzito na kukausha mdomo, kwa hiyo dereva wa bodaboda awe mwangalifu asubuhi yake.

Jambo la kupima VVU nalisema waziwazi kwa sababu nalijali. Kijana anaweza kupata mkanda wa jeshi bila VVU kabisa, na wapo wengi. Lakini kwa umri huu ni dalili inayotaka kipimo, zaidi kwenye mikoa yetu: utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ya asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya. Kipimo na ARV ni bure kwenye vituo vya serikali. Aliyeanza ARV karibuni naye anaweza kutokewa na mkanda wakati kinga inaamka. Asiache ARV, ameze zote mbili.

Vipele vikiwa kwenye paji la uso, kope au ncha ya pua, usisubiri kesho. Nenda hospitali yenye huduma ya macho siku hiyohiyo, maana jicho linaweza kupofuka. Vikiwa sikioni na uso ukaanza kupinda, vilevile.

Mpaka malengelenge yote yakauke na kufanya magamba, kwa kawaida siku 7 hadi 10, funika sehemu hiyo na ukae mbali na wajawazito wasiowahi kuugua tetekuwanga, pamoja na vichanga. Hawatapata mkanda kutoka kwako, ila wanaweza kupata tetekuwanga. Dozi ikiisha na bado malengelenge mapya yanatoka, rudi kwa daktari na karatasi tupu za vidonge mkononi, aone ulichomeza na kiasi chake.