Niliuziwa barkodi yenye wenyewe

Kama kuna mtu anafikiria kwenda kwa yule wakala wa barkodi pale mjini Unguja, mwenye ofisi ya ghorofani na kapeti jekundu, asubiri kwanza. Jina simtaji, sitaki kumkatia mtu riziki. Ingawa yeye yangu kaikata bila ya kupepesa jicho.

Mie natengeneza achari ya embe na ya pilipili huku Wete. Miaka yote nikiuza kwa majirani na kwa wasafiri, hakuna aliyeniuliza mambo ya mistari. Sasa juzijuzi supamaketi moja ya Unguja wakakubali kuipokea, sharti iwe na barkodi. Nikaelekezwa kwake.

Nisimdhulumu: lebo kanitengenezea nzuri. Embe utadhani unalichuma. Mistari myeusi juu ya nyeupe, imepangwa vizuri, na cheti juu yake chenye fremu ya dhahabu. "Mama, hii unalipa mara moja tu, yako maisha." Nikamuuliza, hii chupa ya gramu 250 na hii ya 500 zitatumia namba moja? Bei zao si sawa. Akanijibu bila ya kunitazama, kidole kiko kwenye simu: "Achari ni achari, mama."

Achari ni achari! Kila ujazo unataka namba yake, na embe mbali, pilipili mbali. Mashine haijui kuonja, inajua namba tu. Lakini hilo ningelisamehe.

Siku ya kupeleka mzigo, binti wa kaunta akachukua chupa ya mwanzo akaipitisha. Pii. Ikasoma mara moja, wala haikusita, na ndiyo balaa lenyewe. Kwenye kioo pakaandikwa MAFUTA YA NAZI. Akapitisha nyengine: mafuta ya nazi. Akaigeuza chupa juu chini, akafungua kifuniko, akanusa, masikini, kisha akaniuliza kwa adabu, "Bibi, hii ni achari kweli?" Nyuma yangu foleni, na kuna mwanamme mmoja kacheka mpaka kashika ubavu. Makatoni yangu yakatolewa nje, niliyoyavusha bahari kutoka Pemba.

Nikapiga simu pale pale. Nilitegemea japo "samahani". Nilichopata: "Mama, mambo haya ya kompyuta wewe huyawezi. Mashine yao mbovu." Mie! Niliyesomesha hesabu skuli mpaka nikastaafu, na si ajabu nimemsomesha babake.

Basi usiku nikachukua kalamu. Barkodi ya tarakimu 13 ina kipimo chake. Zile 12 za mwanzo, kuanzia kushoto: ya kwanza unaiacha kama ilivyo, ya pili unazidisha kwa 3, ya tatu unaiacha, ya nne kwa 3, hivyo hivyo mpaka zimalizike. Unajumlisha. Tarakimu ya mwisho ndiyo inayokamilisha ile jumla igawike kwa 10. Nilikuwa naomba ikatae nimkamate. Ikakubali! Namba nzima, haina kasoro hata moja, ila si yangu.

Mpwa wangu akaiandika mtandaoni, pale GS1, shirika la dunia linalotoa namba hizi, wanapokuruhusu kuhakiki namba ni ya nani. Ikatoka kampuni ya Marekani. Si mimi, wala si yule wa mafuta ya nazi, ambaye kumbe naye kauziwa na kijana huyo huyo. Nimezungumza naye, mtu wa Makunduchi, mpole. Alikuwa akiamini mie ndiye niliyemuibia.

Aliyenifungua macho ni bibi wa manunuzi wa supamaketi, na yeye nampa nyota zote. Alisema namba hizi haziuzwi rejareja kama pipi. Unajisajili GS1 Tanzania kwa jina lako, unapewa zinazoanza na 620 (Kenya wao 616), na ada unalipa kila mwaka. Hapo ndipo nilipoelewa ile "maisha" ilikuwa na maana gani. Na 620 haisemi kitu kimetengenezwa wapi, inasema tu mwenye namba kasajiliwa wapi. Tena kijana aliniambia nikiwa na barkodi sina haja ya kwenda kwa watu wa viwango. Uongo mwengine huo, wa hatari zaidi kwa anayeuza chakula. Mistari ile haijui kama achari imeoza.

Nimeshajisajili mwenyewe, na kila chupa ina namba yake. Sasa tunabandua lebo za zamani kwa maji ya moto, mie na watoto wa dada yangu, na gundi yake, wallahi, ndiyo kitu pekee alichokifanya kwa uaminifu. Haibanduki.

Nilikaa kuandika nikiwa na nia ya kumpa nyota mbili kwa ajili ya lile embe. Nilipofika kwenye simu nikaiondoa moja. Hii iliyobaki namwachia aliyelichora, ikiwa si yeye. Jana kanitumia ujumbe, atanipa namba nyengine "bure kabisa mama, mpya". Nimemuuliza, mpya ya nani? Hajajibu, na pesa yangu hajarejesha.