Fuggerei, Augsburg: kodi senti 88 kwa mwaka, na sala tatu kila siku

Fuggerei ni makazi ya wahitaji mjini Augsburg, Ujerumani, na mpangaji wake analipa kodi ya senti 88 za euro. Kwa mwaka mzima. Gharama za joto anajitegemea, ila nyumba yenyewe, yenye mlango wake wa barabarani, ni hizo senti 88 pamoja na sala tatu kila siku: Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki, kwa ajili ya mwanzilishi na ukoo wake. Mwanzilishi ni Jakob Fugger, mwenye benki wa Augsburg aliyewakopesha wafalme na maaskofu. Alifariki 1525. Sala bado zinadaiwa.

Mimi ni mhasibu, na nyumbani Moshi nilishika daftari la jumuiya ndogo ndogo kwa muda mrefu, kwa hiyo niliingia pale kuangalia mahesabu kuliko maua ya madirishani. Kiingilio cha mgeni kinazidi kodi ya mpangaji ya miaka kadhaa. Kahawa niliyokunywa baadaye kwenye mgahawa mmoja wa mjini, ambao sitautaja, nayo ilizidi ya miaka mitatu. Sinung'uniki. Tiketi zinasaidia kutunza nyumba, ingawa mapato makubwa ya wakfu huu yanatoka kwenye misitu yake.

Ni kijiji ndani ya mji: nyumba 67 za ghorofa moja, kuta za manjano, mageti yanayofungwa saa nne usiku. Mkaazi akichelewa, anamlipa mlinzi senti 50. Ikipita saa sita, euro nzima, yaani zaidi ya kodi yake ya mwaka. Angalia vishikio vya kengele milangoni, vyuma vilivyofuliwa kila kimoja kwa umbo lake, ili mtu autambue mlango wake kwa kupapasa gizani enzi ambazo hapakuwa na taa za barabarani. Kuna nyumba ya maonyesho, na kuna handaki la vita. Mabomu ya Februari 1944 yaliiharibu vibaya sehemu hii, ikajengwa upya. Baba wa babu yake Mozart, yule mtunzi wa muziki, alikuwa fundi mwashi na aliwahi kuishi hapa. Wageni wote hupiga picha kibao chake.

Kilichonishika ni mkataba. Waraka wa wakfu ni wa 1521. Kodi ilikuwa gulden moja ya Rhine, sarafu ya enzi hizo, karibu mshahara wa wiki wa fundi wa wakati ule, na haikupandishwa kamwe. Miaka mia tano ya mfumuko wa bei imeitafuna gulden ile mpaka imebaki senti 88. Lakini sala tatu zimebaki sala tatu! Hakuna mfumuko unaogusa Salamu Maria. Mzee Fugger alidai malipo ya aina mbili, moja likayeyuka, lingine likashika thamani yake, na hilo ndilo alilolitaka tangu mwanzo. Masharti ya kuingia yanalilinda: uwe mkaazi wa Augsburg, mhitaji, na Mkatoliki. Kwa nini Mkatoliki? Kwa sababu asiyeamini toharani, mahali ambapo roho za marehemu husafishwa na kusaidiwa na sala za walio hai, hawezi kulipa kodi ya namna hii.

Hapo ndipo nashauri utoke Fuggerei utembee hadi kanisa la St. Anna, maana nusu ya hadithi iko kule. Mwaka 1514 Albrecht wa Brandenburg, ambaye tayari alikuwa Askofu Mkuu wa Magdeburg, alitaka na uaskofu mkuu wa Mainz. Roma ikadai ada nzito; ada akakopa kwa Fugger. Papa Leo wa Kumi akaruhusu rehema zihubiriwe, yaani vyeti vya kuondolewa adhabu ya dhambi, vilivyotolewa kwa fedha: nusu ya makusanyo yaende kujenga Basilika ya Mtakatifu Petro, nusu ilipe deni. Mhubiri Johann Tetzel alizunguka na mawakala wa Fugger wakisimamia sanduku. Oktoba 1517 mtawa Martin Luther akaandika hoja zake 95 kuzipinga rehema hizo, na mwaka uliofuata akaitwa Augsburg kuhojiwa na Kardinali Cajetan katika jumba la Fugger huyohuyo. Alilala kwenye monasteri ya St. Anna.

Basi mtu aliyeyajua makusanyo ya rehema hadi senti ya mwisho, kwa roho yake mwenyewe aliweka fedha kwenye nyumba za mafundi na vibarua waliofilisika. Sidhani alizidharau rehema. Nadhani aligawanya mtaji, kama mfanyabiashara yeyote mwenye akili: cheti kinatolewa mara moja, mpangaji anasali kila siku, na akifa anaingia mwingine.

Kaburi lake liko St. Anna, kwenye kikanisa alichokijenga kwa fahari, marumaru kila upande. Kanisa lenyewe baadaye likawa la Kilutheri, na Walutheri hawana mafundisho ya toharani. Mahali alipozikwa hawamwombei kwa desturi. Wanaomwombea ni wapangaji.

Ukienda, anza St. Anna, kisha Fuggerei, ndipo mambo yanashikana. Watoto wapeleke handakini kwanza, wakichoka ndipo uwaoneshe kengele. Usichungulie madirishani, ni nyumba za watu. Kikundi cha parokia ningekipeleka bila kusita. Anayetafuta makasri na dhahabu apande treni hadi Munich.