KiCad 10: Ubao Mmoja, Varianti Mbili

Mafundi wa Mtwara na Lindi, habari zenu! Leo ni KiCad 10, programu ya bure ya kuchora saketi na bodi zake. Katika mambo yake mapya kuna mandhari meusi kwenye Windows, kuna kubadilishana pini, hayo tutayapitia siku nyingine. Mimi nataka muone varianti, yaani matoleo tofauti ya ubao mmoja ndani ya mradi mmoja, kwa sababu hiki kitu kimechelewa mno.

Tazameni skrini. Huu ni mchoro wa kipima unyevu cha ghala la korosho: chipu ya ESP32 inayoendesha kila kitu, kihisi cha unyevu cha SHT31, moduli ya simu ya SIM800L, umeme wa betri ya sola. Tuseme ghala la Masasi lina mfumo wa volti 12, la Tandahimba volti 24. Njia za shaba ni zile zile. Kinachobadilika ni hii R2, rizista ya chini kwenye kigawanyo cha volti, yaani rizista mbili zinazopunguza volti za betri ili pini ya ESP32 izipime. Ya juu ni kiloomu 100. Kwenye volti 12, R2 ni kiloomu 22: betri ikifika 14.6, pini inapata 2.63. Safi kabisa. Sasa chukua ubao huo huo, R2 ile ile, funga kwenye 24. Betri ikifika 29, kigawanyo kinatoa 5.2, na pini ya ESP32 mwisho wake ni 3.3! Hapo R2 lazima iwe kiloomu 10, upate 2.64.

Toleo la 9 lina alama ya DNP, yaani kifaa kisipachikwe, lakini ni ndiyo au hapana tu kwa mradi mzima. Kwa hiyo watu wananakili folda. Unarekebisha njia kwenye folda ya kwanza, ya pili unaisahau, Gerber za zamani, yaani faili za kutengenezea ubao, zinakwenda kiwandani. Inaudhi!

Kwa varianti, mradi unabaki mmoja. Unafungua varianti, unaiita V24, unabadilisha R2 kuwa 10k. Ukirudi V12, ni 22k. Kila varianti inatoa orodha yake ya vifaa. Ila R2 zote ziwe umbo moja, saizi ya 0805 na 0805, maana pedi za kulehemia ni zile zile. Na kama kuna ghala halihitaji moduli ya SIM, iwekee DNP pamoja na kapasita yake ya mikrofaradi 1000. Moduli ikiwepo, kapasita isikosekane: SIM800L inaporusha mawimbi huvuta hadi ampea 2, volti zikishuka chini ya 3.4 inazima na kuwaka, inazima na kuwaka.

Altium, programu ya kulipia ya kuchora bodi, wanayo haya miaka mingi, lakini leseni ile si ya fundi wa Chikongola. EAGLE, programu nyingine ya kuchora bodi, nayo ilikuwa nayo, ila wenye nayo, Autodesk, walitangaza mwaka 2023 kwamba mwisho wake ni tarehe 7 Juni 2026. Video ijayo ni ya kuhamishia miradi ya EAGLE kwenye KiCad, bonyezeni kengele.

Mnaojaribu toleo la 10, tumieni nakala ya mradi. Faili likishahifadhiwa kwenye 10, 9 hailifungui tena. Na kwa bando: kifurushi cha Windows kinazidi GB 1, kishusheni usiku. Wa Ubuntu, acheni kicad-packages3d, picha za 3D hazihitajiki kuchora ubao.