ISR 4331 kuchukua nafasi ya 2911: muulizeni muuzaji leseni kabla ya kulipa

Muuzaji anayekuletea routa ya Cisco ISR 4331 ichukue nafasi ya routa ya zamani, Cisco 2911, halafu asitaje leseni ya kasi, amekuuzia theluthi ya mashine. Routa hii ikitoka kwenye boksi imefungwa kwenye 100 Mbps. Leseni ya Performance ndiyo inaifikisha 300. Na hiyo 100 si ya kila poti, ni jumla ya trafiki yote inayotoka. Watu wakipakua kwa 70 na bakapu ikipanda kwa 30, umefika mwisho.

Laini yetu ya faiba ni ya 200, lakini kwa 4331 kasi ikagota kwenye 100. Tulipolalamika, muuzaji alitufokea kana kwamba hatujui kazi, akasema shida ni ya kampuni ya intaneti. Hakutaka hata kuingia kwenye routa! Amri moja tu, show platform hardware throughput level, ingempa jibu. Logi zenyewe zilikuwa zinataja BW_LICENSE, yaani leseni ya kasi. Na dalili haifichiki: grafu inakuwa bapa pale pale kwenye 100, pakiti zinadondoka, huku CPU haina kazi. Laini mbovu haifanyi hivyo, inayumba.

2911 haina kizuizi cha namna hii, ukiacha kile cha usimbaji wa VPN, 85 Mbps kila upande. Cisco waliishauri kwa laini za hadi 35 Mbps huduma zikiwa zimewashwa, lakini ukiiachia NAT (kubadilisha anwani za ndani ziwe za intaneti) na ACL (orodha ya trafiki inayoruhusiwa) fupi tu inapita 100, mpaka CPU yenyewe ichoke.

Kuna na poti. 2911 ina tatu, zote za shaba. 4331 nayo ina tatu, ila GigabitEthernet0/0/2 ni ya SFP tu, yaani tundu la kuchomekea moduli, kwa hiyo kebo ya tatu ya shaba inahitaji moduli ya GLC-T. Ile GigabitEthernet0 isikudanganye, ni ya usimamizi, imo ndani ya VRF (jedwali la njia lililotengwa) iitwayo Mgmt-intf na haibebi trafiki ya watumiaji. Kadi zako za nyongeza za 2911, za aina ya EHWIC, haziingii, 4331 inataka za aina ya NIM. Ukibandika konfigi ya zamani, GigabitEthernet0/0 inakataliwa. Badilisha majina kwanza, na palipo na ip nat enable andika upya kwa ip nat inside na ip nat outside.

Kwa hasira ningesema rudisheni 2911. Lakini msaada wake ulikwisha 31 Desemba 2022, viraka vya usalama haviji tena, na kuiweka mbele ya intaneti ni hatari. Tena leseni ikishapatikana (platform hardware throughput level 300000, kubali masharti, write memory, kisha reload, yaani kuiwasha upya, usiku kwa sababu IOS XE, mfumo endeshi wake, inachelewa kuwaka), 4331 ni mashine nzuri kweli. NAT, ACL na QoS (kupanga kipaumbele cha trafiki) zikifanya kazi pamoja, kasi inabaki. SSH, njia ya kuingia kwenye routa ukiwa mbali, haikwami trafiki ikijaa, maana upande wa usimamizi una kori zake.

Kwa hiyo naisifu? Ikiwa na leseni, ndiyo. Kwa bei niliyoiona, bila leseni, kwa laini ya 200, hapana, na muuzaji yule sirudi kwake. Leseni iwe na mstari wake kwenye profoma, pamoja na GLC-T.